Uso wa Mkwe

Watu wa Tunduma walimcheka Roda kwa sababu ya vibanda vyake viwili. Alivijenga mbali kidogo na kambi ya wasafiri, mahali ambapo upepo hauvumi kuelekea nyumba za watu, na ndani hamkuwa na mtu. Chini ya upenu alipanga kuni kavu. Aliweka mitungi ya maji na vibuyu alivyovichoma alama ya msalaba shingoni, visije vikachanganyika na vibuyu vya watu wenye afya. Kila juma alikwenda kuvifagia. Majirani walisema kwamba mwenye kumtandikia mgonjwa ambaye hajaugua anamwita kwa jina. Roda aliwaacha waseme. Akimaliza kufagia alirudi kukaa mlangoni, akaitazama njia inayotoka ng'ambo ya mpaka, na moyo ukimwenda mbio bila jambo lolote la kuonyesha kwa kidole.

Jambo lenyewe lilikuwa usoni mwake. Alizaliwa Hasamba, kule juu Mbozi, na vile vita vya Wajerumani na Waingereza vilipopita na wapagazi wake, ndui ilipita navyo. Roda alikuwa bado msichana mdogo. Walitolewa nyumbani yeye, mama yake na wadogo zake, wakawekwa shambani kwenye kibanda kilichoezekwa harakaharaka, mvua ikiingia itakavyo. Uji waliachiwa juu ya jiwe kwa mbali. Kuni zilikwisha kabla ugonjwa haujaisha, na hakuna aliyekuwa amefikiria kuni. Aliyetoka mle kwa miguu yake ni Roda peke yake, uso umejaa vishimo kama uji wa ulezi unaotokota.

Tangu hapo hakuamini heri. Mvua ikinyesha vizuri aliogopa nzige, na nzige wasipoonekana aliwaza moto. Marehemu mumewe Isaka, Mnamwanga mpole aliyemwoa na kumleta Tunduma, alipenda kumtania kwamba siku atakapofika mbinguni ataanza kwanza kukagua paa. Isaka alikufa kwa kichomi, ugonjwa pekee ambao mkewe alikuwa hajauhofia. Baada ya hapo Roda hakuacha hata mmoja nje ya hesabu.

Katika miaka ya arobaini, wanaume wa upande huu walikuwa wakienda na kurudi kuchimba shaba Luanshya, ng'ambo ya mpaka, na kambi ile ya mpakani haikukauka watu. Dresa wa Mbozi, msaidizi wa daktari, kijana mmoja makini aitwaye Osea, akaja kutafuta mtu wa kuwatazama wanaorudi. Akamchagua Roda. Kwanza, aliyekwisha kuugua ndui haiugui tena. Pili, alisema, mama huyu anaogopa, na yeye alitaka mtu anayeogopa.

Alimfundisha bila haraka. Tetekuwanga hupenda kifua na mgongo, ndui hupenda uso, viganja na nyayo. Amfungulishe mtu kinywa, amgeuze mikono, amwangalie paji la uso kwenye mwanga. Halafu akampa sharti moja. Dawa ya chanjo ilitoka mbali, ndani ya vichupa vyembamba kama kijiti, joto likiipata inakufa, na siku zote ilikuwa haitoshi. Zaidi ya mara moja alikuwa ameitwa mbiombio na kukuta tetekuwanga, huku dawa ikiharibikia njiani. "Usiniite kwa kusikia, mama," alimwambia. "Niite ukiwa umeona wewe mwenyewe." Alimweleza na jambo jingine, ambalo Roda alilishika kuliko yote: mtoto aliyelala na mgonjwa anaweza kuokoka akiwahi kuchanjwa kabla ugonjwa haujamkaa mwilini. Akicheleweshwa, chanjo ni bure.

Basi Roda akatazama. Wanaume wenye viatu vikubwa vya migodini na baiskeli mpya walisimama mbele ya mjane aliyevaa kaniki, wakapanua vinywa kama watoto wa shule. Wengine walinuna. Wengine walimtania, wakamwita "mukwai" kwa heshima yote ya Kibemba, kisha wakamuuliza kama anawanunua ama anakagua tu. Hakucheka na mtu kabla hajaona viganja vyake.

Mtu mmoja tu duniani Roda hakuruhusiwa kumtazama, naye ni Hezron, mume wa Loisi.

Loisi alikuwa mtoto pekee aliyembakia Roda, naye aliolewa kijiji cha juu ya kilima, mwendo wa saa mbili. Na kwa desturi ya pale, mama mkwe na mkwe wanakimbiana. Hawatazamani, hawapishani njiani, hawaketi penye moto mmoja, mpaka siku mkwe atakapoleta zawadi ya kufumbua macho, ikapokewa kwa pombe ya ulezi mbele ya ndugu. Hezron alioa akaondoka kwenda Luanshya kuitafuta zawadi hiyo, na mtoto wao Elina akazaliwa yeye hayupo. Roda aliujua mgongo wake, miguu yake na kikohozi chake. Uso hakuwahi kuuona. Pakiwa na la kusema walilisema kwa kitu cha tatu, kuku au nguzo au kinu, na wakati wa uchumba Hezron aliwahi kushinda mchana kutwa akipatana bei ya mbegu za ulezi na mbuzi wa mama mkwe wake. Mbuzi, wanasema, alikuwa mgumu wa bei.

Wasafiri waliotangulia walileta habari kwamba Hezron amenunua blanketi zito jekundu, la mama mkwe. Roda alijifanya hakusikia vizuri, wakarudia. Alifurahi mpaka akaona haya. Akaanza kutenga ulezi wa pombe, na papo hapo akaanza kuogopa kwamba kitatokea kitu.

Hezron alifika alasiri moja ya kiangazi pamoja na wenzake. Roda alikuwa ameshika mikono ya msafiri wa mbele aliposikia kile kikohozi. Hakufikiri. Alijitupia kaniki kichwani akakimbilia nyuma ya kihenge, akachutama. Naye Hezron alikuwa amekwisha kutoka njiani, amesimama kwenye nyasi akiupa uwanja mgongo. Waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kuridhika. Huyo ni mkwe aliyelelewa, walisema, migodi haikumharibu.

Nyuma ya kihenge Roda alisikia kitu ambacho wao hawakukisikia. Miguu ile aliijua, na sasa ilikuwa inaburuzwa. Kuku wake alikuwa anachakura karibu, akamwambia yeye. "Kuku, muulize huyo mwenye safari kama mwili wake mzima."

Sauti ilitoka kule kwenye nyasi, imepwaya. "Kuku, mwambie mama ni uchovu wa njia tu. Nakwenda kumwona mtoto."

Roda angeweza kutoka. Ilikuwa hatua chache tu na mwanga wa jua ulikuwa mzuri, naye angemtazama paji la uso mambo yakaisha. Badala yake alikaa pale pale amejifunika, mwenye adabu zake, akisubiri miguu ile ipotee kilimani. Kisha akajifunua na kuendelea na kazi. Na msafiri wa mwisho, akimgeuzia viganja, ndiye aliyemweleza kwamba mwenzao yule amebebewa mzigo tangu jana kwa maumivu ya mgongo, kwamba alitetemeka kando ya moto, na kwamba kambi moja waliyolala nyuma huko ilikuwa na nyumba iliyozibwa njia kwa majani, alama ya ugonjwa wa kutengwa.

Mama yake Roda naye, kabla ya kipele hata kimoja, alilia mgongo.

Alimtuma mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi kijijini na chumvi, aende amwambie Enesi, mama yake Hezron, amwangalie kijana wake viganja. Jibu lilirudi kesho yake. Enesi alisema mwanawe amechoka, na kwamba Mama Loisi huona ndui hata kwenye chungu cha uji. Roda hakukasirika. Alijua Enesi anaogopa nini, maana ndui ikitajwa, mgonjwa hutengwa na vitu vyake huchomwa, na hakuna mama anayekimbilia kuitaja. Kwenye nyumba ile yote hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Na katikati yao analala Elina, aliyezaliwa baada ya Osea kupita na dawa, mkono wake hauna kovu la chanjo.

Tarishi wa jumbe alikuwa amepangiwa kwenda Mbozi kwa baiskeli mchana wa siku ya pili yake. Roda alimfuata mapema, akiwa na uongo umekwisha kuiva mdomoni. Angesema tu kwamba ameona. Nani angemuuliza? Lakini kule bondeni Chitete nako watu walikuwa wanaisubiri dawa hiyo hiyo, na kama ya Hezron ni tetekuwanga, vichupa vitaoza kwenye baiskeli ya Osea kwa ajili ya uongo wake, na siku nyingine akiita hataitikiwa. Alisimama mbele ya tarishi akitafuna upindo wa kaniki. Mwishowe alimwomba asiondoke kabla yeye hajarudi. Tarishi akamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kumtazama mkwe wake, na yule bwana akadhani ni mzaha.

Kilima alikipanda karibu kwa kukimbia. Njiani aliomba Mungu iwe tetekuwanga, aaibike bure, achekwe mpaka kufa kwake. Aliomba kwa Kinyiha cha utotoni, lugha aliyotumia kumlilia mama yake.

Enesi alikuwa uani anatwanga. Alipomwona mwenzake anakuja bila kuita hodi kwa mbali, kama desturi inavyotaka, aliuacha mchi ndani ya kinu akasimama mbele ya mlango. "Mama Loisi, mwanangu yumo ndani. Unakwenda wapi?"

Roda alijibu kwamba amekuja kumwona mjukuu. Loisi akatoka na Elina mgongoni, macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi. Mama yake alimgeuza mtoto huku na huku, akampapasa shingo na makwapa. Bado hana joto. Akamuuliza Loisi kama ameuona mwili wa mumewe, naye akasema amejifunika gubigubi tangu afike, hataki taa wala mlango wazi, ila mtoto hamwachi, amemlaza kifuani siku zote.

Roda alijaribu njia ya adabu mara ya mwisho. Alijifunika vizuri, akaishika nguzo ya upenu. "Nguzo, muulize aliye ndani anaendeleaje."

"Nguzo, mwambie mama nimepata nafuu," Hezron alijibu toka gizani. "Homa imeshuka leo asubuhi."

Enesi akashusha pumzi na kumshukuru Mungu. Hata Loisi alitabasamu. Roda peke yake hakufurahi, kwa maana ndivyo ndui ifanyavyo. Inampandisha mtu homa, kisha inamwachia siku moja apumue, na katika siku hiyo ndipo inapotokeza. Mama yake naye aliamka asubuhi kama hiyo akaomba uji, nao wote walishangilia.

Akaivua kaniki kichwani. Aliikunja mara mbili, akaiweka juu ya kinu cha Enesi, akaingia ndani kichwa wazi.

Nyuma yake alisikia Enesi akiita jina la Mungu. Alifungua mlango wa nyuma, mwanga ukaingia, na kwenye kitanda cha kamba akamwona mkwe wake. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa na uso wa mviringo na ndevu chache zisizojua pa kuota, na kuzunguka mdomo, na juu ya paji lote, palikuwa na vipele vigumu kama punje za ulezi. Hezron alijigeuzia ukutani akavuta shuka. Alikuwa analia kwa aibu, mtu mzima mwenye mke na mtoto.

Roda akakaa ukingoni mwa kitanda. "Hezron," alisema, na hapakuwa na kuku wala nguzo kati yao. "Nipe mikono yako, mwanangu."

Ilichukua muda. Kisha mikono ikatoka chini ya shuka, kwanza mmoja halafu wa pili, viganja juu. Vipele vilikuwepo.

"Mama," Hezron alimuuliza, "mtoto je?"

Roda alitoka akamkataza Loisi kumrudisha mtoto ndani, akamwambia Enesi asimruhusu mtu kuingia, na Enesi, aliyekuwa ameketi chini kama aliyesukumwa, akaitikia kwa kichwa. Roda akateremka kilima. Tarishi alikuwa bado hajaondoka. "Mwambie dresa nimeona," alimwambia akihema. "Mwambie nimeona kwa macho yangu."

Osea alifika kesho yake jua halijawa kali, vichupa vimefungwa ndani ya kitambaa kibichi. Hakuuliza swali hata moja. Alimchanja Elina kwanza, kisha Loisi, kisha kijiji kizima nyumba kwa nyumba. Hezron aliletwa kwenye kibanda kimoja, Loisi na mtoto wakakaa kwenye cha pili. Kuni zilikuwepo, maji yalikuwepo, na mvua ya kiangazi ya ghafla ilipopiga, paa halikuvuja. Waliokuwa wakicheka walipita kwa mbali wakitazama chini.

Anayeruhusiwa kumhudumia alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo mama mkwe alimwogesha mkwe, akamlisha kwa kijiko kutoka kwenye vibuyu vyenye msalaba, akamfukuzia nzi, akamshika mikono asijikune. Watu waliambizana hayo kwa kunong'ona, na wengine mpaka leo hawapendi kuyasimulia.

Vitu vya mgonjwa ilibidi vichomwe. Osea alisema vyote. Sanduku lilipofunguliwa, chini kabisa, ndani ya karatasi ya dukani, lilikutwa blanketi jekundu ambalo halijawahi kukunjuliwa. Loisi alilikamata. "Mama, hili ni lako," alisema. "Hakulilalia."

Roda alilitazama. Lilikuwa zito kweli, zuri kuliko walivyosema wasafiri. Kisha alichukua kijiti, akalisukumia motoni mwenyewe. Alilia, wala hakusingizia moshi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote za maisha yake, na yeye alikuwa na za kulinganishia. Kila kulipopambazuka alikwenda kwenye kibanda cha pili, akasimama mlangoni kwanza, akikusanya nguvu ya kutazama. Alianza na mkono wa Elina, halafu paji la uso. Mkono ukavimba, ukatoa lengelenge, na Osea akasema chanjo imeshika. Paji la uso likabaki laini. Kesho yake Roda alikwenda tena kama aliyekuwa hajaambiwa kitu. Alisikia joto la mtoto hata pale ambapo halikuwepo. Hata lengelenge lilipokauka na kubandua gamba, bado alimgeuza viganja.

Elina hakuugua. Hezron alipona, uso umechimbika. Lakini mzee Gwakisa, jirani yao, aliyekuja siku ile ya kwanza kabisa kumpa mkono kijana aliyerudi salama, aliugua akafa, kwake chanjo ilichelewa. Hakuna aliyemlaumu Roda. Yeye alijua ile alasiri, hatua zile chache, na mwanga wa jua jinsi ulivyokuwa mzuri. Alimpelekea mjane wa Gwakisa ule ulezi wote aliokuwa ameutenga kwa pombe ya kufumbua macho, na hakueleza kwa nini.

Wakati wa mavuno uliofuata alikuwa akipanda kilima na kikapu kichwani, akasikia kikohozi kwenye kona ya njia. Akajifunika mara moja. Hezron, aliyekuwa akiteremka na mtoto mabegani, akaingia kwenye nyasi akampa mgongo. Zawadi ilikuwa haijatolewa, kwa hiyo walikuwa bado wanakimbiana, ingawa hakuna kovu mwilini mwa kijana yule ambalo mama huyu hakuliosha kwa mkono wake. Hapakuwa na kuku wala nguzo njiani. Hezron akamshusha mtoto, akamsimamisha katikati.

"Elina, mwambie bibi yako nitarudi Luanshya. Blanketi jingine litakuja."

Chini ya kaniki Roda alifikiria njia ile ndefu, kambi zake, na nyumba zilizozibwa kwa majani.

"Elina," alisema, "mwambie baba yako akae nyumbani. Sina haja ya blanketi. Nilishamwona."

Kwenye nyasi mgongo ule ukaanza kutikisika. Roda naye hakuondoka upesi kama adabu inavyotaka. Alichutama, akafungua upenyo mdogo kwenye kaniki, akamvuta mjukuu karibu na kumpandisha mkono wa gauni. Kovu la chanjo lilikuwepo. Akamgeuza viganja, akavitazama, kisha akamwacha aende kwa baba yake.